Hofu ya ziwa haikuondoka kwa kusukumwa majini

Mhariri,

Nimesoma kwa makini barua kadhaa katika ukurasa huu zinazowahimiza wasomaji wathubutu kufanya yale wanayoyaogopa, na ingawa naafiki nia ya waandishi hao, naona wanaliruka jambo ambalo mtu mwoga hulitambua mapema: kwamba kuambiwa “jikaze tu” hakumsaidii. Mimi ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 61, mkazi wa Kisumu tangu kuzaliwa, na mwaka jana ndipo nilipojifunza kuogelea.

Huenda mgeni akashangaa kwamba mtu anaweza kuishi miaka sitini kando ya Ziwa Victoria, ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika, bila kuwahi kulowesha magoti ndani yake. Wenyeji hawatashangaa. Katika nyumba nyingi za hapa watoto hukatazwa kukaribia maji, na mama yangu, ambaye alikuwa na sababu zake, alizoea kusema kwamba ziwa halirudishi mtu. Alikuwa anatulinda. Hata hivyo, alichotuachia ni hofu bila ujuzi, na hofu hiyo iliongezeka Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na kuangamiza mamia ya abiria. Nilikuwa mama wa watoto wawili wakati huo, nami nikawakataza kama nilivyokatazwa. Mwaka wa 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara na watu zaidi ya 200 wakafa, nilijiona mwenye busara.

Busara hiyo ilikuwa na gharama. Dada yangu ameolewa Mbita, na njia rahisi ya kumfikia ni kupanda feri kutoka Luanda K’Otieno. Kwa miaka mingi mimi nilizunguka kwa matatu kupitia Ahero, Katito, Kendu Bay na Homa Bay, na kila nilipoulizwa sababu nilijibu kwamba nilitaka kununua samaki Kendu Bay. Kwa kweli nilinunua samaki wengi sana, kwa kuwa uongo huo ulihitaji ushahidi.

Nilipostaafu niliamua kujifunza. Sikwenda ziwani, na ningewasihi wasomaji wasianzie huko: mbali na viboko na mamba, kuna kichocho, ambacho vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya anayeoga. Nilienda katika bwawa la hoteli moja mtaani Milimani, ambako kijana aliyelelewa Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, hufundisha kuogelea asubuhi. Waliosema kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga hawakutueleza mama wa umri wangu anapaswa kuvaa nini akishayavulia. Niliingia na suruali ya kubana na fulana ya mikono mirefu, na hakuna aliyecheka, ingawa nilikuwa nimejiandaa kwa ajili hiyo kuliko nilivyojiandaa kwa maji yenyewe.

Siku ya kwanza mwalimu wangu alinikalisha ukingoni nikatumbukiza miguu, basi. Siku ya pili nilisimama mahali ambapo maji yalinifika kiunoni, nikashika chuma cha pembeni, nikainamisha uso na kupuliza hewa ndani ya maji. Maji ya kifuuni ni bahari kwa chungu, na bwawa hilo lilikuwa bahari yangu. Juma la tano nilipoteza mwelekeo, nikameza maji, nikatoka nikilia mbele ya watalii, na sikurudi kwa majuma mawili. Kijana yule alinipigia simu akasema, “Mama, maji bado yapo. Ukija tutarudi kwenye kupuliza.” Hakunihubiria habari za ushujaa. Alinirudisha nyuma hatua mbili, kwenye jambo nililokwisha kuliweza, na mimi niliyefundisha hesabu kwa zaidi ya miaka thelathini nilitambua mara moja kwamba ndivyo nilivyowafanyia wanafunzi walioogopa hesabu za sehemu, yaani nusu, robo na kadhalika.

Somo lililonibadilisha lilikuwa la kuelea chali. Mapafu yakijaa hewa, mwili wa binadamu wengi huelea, mradi kichwa kimelala na masikio yamezama. Anayeshikwa na hofu hufanya kinyume chake: huinua kichwa, hurusha mikono juu kuomba msaada, na uzito wa mikono hiyo iliyo nje ya maji humsukuma chini. Kumbe nilichokuwa nikikifanya kwa kujiokoa ndicho kilichokuwa kikinizamisha. Niliposhikiliwa kisogo kwa vidole viwili, kisha kimoja, kisha nikaambiwa kwamba vidole vilikwisha ondolewa kitambo, nilitazama dari la mabati na sikusema neno kwa muda.

Ndiyo sababu sipendezwi na mtindo wa vijana kusukumana kutoka kwenye mashua ili wapigwe video, kisha anayekataa aitwe mwoga. Aliyesukumwa akiokoka hajifunzi kuogelea. Anajifunza kutowaamini wenzake. Wala si vijana pekee wanaohitaji mafunzo. Nilipoanza kuzungumzia jambo hili nilikutana na wavuvi, watu wanaotoka usiku kutafuta omena, yaani dagaa, waliokiri kwangu kando kwamba mtumbwi ukipinduka hawawezi kuogelea hata mita kumi. Hawa ni majasiri kuliko mimi, lakini ujasiri wao hauwafanyi waelee majini.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa umri wa shule wafundishwe kuogelea na kujiokoa majini, na Julai 25 imetengwa na Umoja wa Mataifa kuwa siku ya kuzuia vifo vya kuzama. Ombi langu kwa serikali ya kaunti ni dogo zaidi kuliko hotuba za siku hiyo. Zipo shule na hoteli mjini zenye mabwawa ambayo hukaa bila watu Jumamosi asubuhi. Kaunti izungumze nazo, ilipie wakufunzi na mwokoaji, na itenge muda wa saa mbili kwa ajili ya watu wazima, wavuvi wakipewa nafasi za kwanza. Iwepo pia saa ya wanawake peke yao, kwa sababu najua wengi ambao kikwazo chao cha kwanza si maji bali macho ya watu.

Desemba iliyopita nilipanda feri. Nilivaa jaketi la kuokoa maisha tangu mwanzo hadi mwisho, maana kujua kuogelea hakumfanyi mtu kuwa samaki, na moyo ulinidunda hadi katikati ya safari, nilipothubutu kuachia chuma na kutazama maji. Dada yangu alikuwa akinisubiri gatini Mbita. Alinitazama mikono, akauliza samaki wa Kendu Bay wako wapi.

Mwalimu mstaafu,
Kisumu