Julai yetu si ya ufukweni: barua ya wazi kwa vijana wa vikundi vya kusoma, Mombasa

Wanangu na wajukuu zangu, salaam aleikum.

Nimeiona orodha mliyotumiana wiki hii. Vitabu 24 "vya kusoma ufukweni majira ya joto", vimeteuliwa na watu wa Marekani kwa ajili ya Julai yao. Julai yao ndiyo joto lenyewe. Yetu ni kusi, msimu wa upepo mkali wa kusini: bahari imechafuka, mwani umerundikana Nyali na Bamburi, na ukikaa mchangani na kitabu, upepo utakufunulia kurasa kabla hujazisoma. Aliyenakili hakubadilisha hata mwezi. Loh!

La msimu ni dogo. Linaloniuma ni kwamba katika vyote 24 hamna hata kimoja chenye harufu ya chumvi yetu. Khadija Abdalla Bajaber, binti wa hapa hapa Mombasa, ameandika The House of Rust, riwaya ya msichana wa Kihadhrami, wa asili ya Yemen, anayeingia baharini kumtafuta babake mvuvi, naye paka asemaye ndiye mwenzake safarini. Ilitoka 2021, na 2022 ikapewa tuzo ya Marekani ya Ursula K. Le Guin, mara ya kwanza kabisa tuzo hiyo kutolewa. Wamarekani wenyewe wameisoma. Nyinyi mnaovuka feri ya Likoni kila asubuhi mwauliza, "Ya nani hiyo?" Basi anzeni na hiyo. Kiingereza chake kina mwendo wa ngano za bibi zetu, na wengi hushindwa mapema kwa sababu huzikimbiza kurasa za mwanzo kama ujumbe wa simu. Someni kurasa 10 za kwanza kwa sauti, mmoja asome wengine wasikilize. Sikio likishazoea, macho yatafuata.

Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar naye. Alipopata Nobeli ya fasihi 2021 mliweka picha yake kila mahali, kisha basi. Riwaya yake ya Paradise, ya 1994, imefasiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis, yaitwa Peponi, na wachapishaji ni Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Shikeni Peponi kwanza, kisha Theft ya 2025, riwaya yake ya kwanza tangu tuzo ile. Na mlioona filamu ya Vuta N'kuvute mkadhani mmemaliza kazi, kitabu chenyewe cha Shafi Adam Shafi bado chawangoja.

Kwa wasiopenda hadithi za kubuni: Swahili Port Cities cha Prita Meier, juu ya majumba ya mawe ya miji yetu, na Uwongozi, makala fupi za Sheikh al-Amin Mazrui alizoandika Mombasa miaka ya 1930. Moja kabla ya kulala yatosha. Humo anawakemea watu kwa kuiga ya wageni bila kupima. Mkifika hapo ikumbukeni orodha yenu.

Ushairi mwauogopa bure. Chukueni Sauti ya Dhiki, mashairi ambayo Abdilatif Abdalla aliyatunga akiwa kifungoni kati ya 1969 na 1972. Kabla ya kutafuta maana, tafuteni mapigo. Hesabuni kwa vidole mstari wa mfano kama huu: "Kitabu si pambo lako, la kuwekwa kabatini." Ki-ta-bu-si-pa-mbo-la-ko, nane. La-ku-we-kwa-ka-ba-ti-ni, nane. Vuteni pumzi penye mkato, pale katikati, si mwisho wa mstari tu. Anayesoma shairi kwa pumzi moja hulichoka ubeti wa pili, akasema Kiswahili kigumu.

Sasa hesabu. Likizo ya Agosti ni kama wiki tatu. Toeni siku za harusi na wageni, zabaki 18. Kurasa 20 kwa siku, ambazo ni kama dakika 40, zawapa kurasa 360: riwaya moja ya kurasa 250 na diwani moja ya mashairi. Viwili! Anayesema atasoma 24 anasoma majalada. Vitano viwekeni likizo ndefu ya Novemba na Disemba, na hata hapo msijigambe.

Wazazi nao nisiwasahau. Shule zikifungwa mwakimbilia vitabu vya marudio ya mitihani, na mtoto akishika riwaya mwamwambia aache upuuzi. Kisha mwashangaa insha yake ni mistari mitatu.

Mkinunua kando ya barabara, kifungueni kitabu katikati. Cha wizi, yaani kilichochapwa bila ruhusa, hujulikana: picha ya jalada imefifia, maandishi ndani yamelala upande, gundi ya mgongo yalia mkikifungua. Tazameni nambari za kurasa. Karatasi kubwa ya mtambo wa kuchapa ikikunjwa mara tatu hutoa fungu la kurasa 16, kwa hivyo fungu moja likianguka mtaona 48 kisha 65. Muuzaji atawaambia ndivyo kilivyochapwa. Mrudishieni.

Nyumbani msikitie ndani ya mfuko wa plastiki. Unyevu wa hapa utakifanyia ukungu kabla ya mwezi kwisha. Kisimamisheni mbali kidogo na ukuta. Kikilowa, tieni karatasi za shashi kila baada ya kurasa kadhaa, mkiweke penye upepo wa feni. Si juani: jalada hupinda na gundi ikakatika.

Fedha ni chache, najua. Watu sita wachange nakala mbili, kila mtu akae nayo kwa zamu, na jina la anayefuata liandikwe kwa penseli ndani ya jalada. Na yule aliyekaa na Peponi ya kikundi tangu Ramadhani, anajijua, airudishe Ijumaa hii.