Usiisugue sarafu ya kale

Mhariri,

Msomaji wako mmoja ameshauri kwamba sarafu ya kale isuguliwe kwa majivu na ndimu hadi ing'ae, ndipo ipate bei. Naomba wenzangu wampuuze. Mimi ni fundi wa saa hapa Kisumu, na sarafu za Kigiriki ndizo zinazonimalizia akiba. Mnunuzi anayezijua hukimbia iliyosuguliwa. Ukiung'oa ule utando mweusi, nywele za Athena, mungu wa kike wa Wagiriki aliye upande mmoja, na manyoya ya bundi wake aliye upande wa pili huenda nao.

Bundi huyo alichapwa kwenye sarafu ya Athens yenye thamani ya drakma nne karne ya 5 K.K., kwa fedha ya migodi ya Laurion. Nyuma yake pana tawi la mzeituni na mwezi mwandamo, mbele yake herufi ΑΘΕ, kifupi cha “ya Waathens”. Ugiriki ya leo imemweka kwenye euro 1, basi watu humtambua upesi, na matapeli wanalijua hilo. Mteja mmoja aliniletea bundi wa marehemu babu yake, aliyekuwa Misri wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kwenye mizani ya sonara: gramu 11. Halisi hukaribia 17. Ukingoni nikaona mstari wa kalibu, nikajua imemiminwa. Ya Athens iligongwa kwa nyundo, kidonge cha fedha kikiwa kati ya mihuri miwili, ndiyo maana picha nyingi zimekaa upande na kofia ya Athena imekatika. Bundi aliyekaa katikati sawasawa hunitia shaka kwanza.

Badala ya kusugua, andika. Daftari la shule linatosha: uzito, kipenyo kwa milimita, picha na herufi za kila upande, uliipata kwa nani na lini. Kisha msimamishe Athena wima, ugeuze sarafu kama ukurasa wa kitabu, uone utosi wa bundi umeelekea wapi. Wanaoorodhesha sarafu hulitaja hilo kwa mshale wa saa (hapo ndipo nilipopendea kazi hii). Ila andika namba iliyo kwenye uso wa saa: utosi ukielekea kushoto ni 9, ibaki 9, usiiite saa tatu, la sivyo orodha yako haitalingana na za wengine.

Wenye senti za mkoloni zenye tundu wafanye vivyo hivyo. Na aliyekwisha kusugua aandike hilo pia, asimfiche atakayenunua.

Fundi wa saa,
Kisumu