Asante wewe uliyelipia herufi kubwa

Jamani huyu mtu simjui jina ila lazima nimshukuru. Sisi wapenda hadithi wa mtaani huwa tunawasomea watoto kila Jumamosi, na wapo wenye ualbino, macho yao hayaoni vizuri maandishi madogo hata wakivaa miwani, mtoto anainama mpaka pua inagusa karatasi. Sasa kuna mtu kasikia, kaenda stesheneri kalipia hadithi zetu tulizotunga wenyewe zichapwe upya saizi 24, karatasi isiyong'aa, zikabaindiwa kabisa, akaondoka bila kuacha namba! Juzi kabinti kamoja kamesoma kurasa mbili kenyewe kwa sauti, wenzake wakaanza kugombania zamu. Ndugu yangu, Mungu akuzidishie, na karibu tusome wote, tunaanza saa nne asubuhi.