Usitie saini kabla sijafika

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako kwamba ami zako wanataka kumuuzia yule mnunuzi minazi ya shamba letu la Jambiani, huko Zanzibar, niliupata nikiwa bandarini Hyannis, huku Marekani, nasubiri meli. Sikukujibu siku ile kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira haiandikiwi barua. Sasa zimepita siku tisa. Nimerudi Lowell, mji ninaokaa, nimelala, nimeswali, na ninalo la kukwambia.

Unajua kazi yangu ya majira haya. Huku Oktoba majani yanapukutika, redio za Kiswahili huita vuli, ingawa vuli yetu ni mvua na mbegu na vuli yao ni kukauka. Bosi wangu hupata kazi ya kufunga nyumba kisiwa cha Nantucket, kilomita kama 48 kutoka bara, mwendo wa saa mbili na robo kwa meli ile inayobeba magari. Wageni wa kiangazi wameshaondoka. Sisi tunakwenda kuzitoa maji nyumba zao kabla ya baridi.

Kazi yenyewe ni hii. Unafunga valvu kuu, unafungua koki zote, halafu unasukuma upepo kwa kompresa mpaka mabomba yanakohoa na kutema tone la mwisho. Kisha unamimina dawa ya rangi ya waridi isiyoganda kwenye kila sinki na kila choo. Ukisahau bomba moja, maji yataganda humo, yatatanuka, yataipasua shaba, na mwenye nyumba akirudi atakuta dari imeanguka. Nilifunga nyumba kumi na moja kwa siku nne. Katika nyumba zote hizo sikumkuta mtu hata mmoja. Funguo zilikuwa kwenye kijisanduku cha namba mlangoni.

Nyumba ya saba ndiyo iliyonikalisha chini. Ilikuwa ya mbao, imevaa vigae vya mbao vilivyopauka kijivu kwa chumvi, kama zilivyo karibu zote pale. Nilikuwa napita kutoka chooni kwenda jikoni, nikaona alama za penseli kwenye fremu ya mlango. Wamepima watoto wao, mwaka kwa mwaka, kila mstari na tarehe yake. Nikainama kusoma. Agosti. Agosti. Agosti. Mistari kama kumi na mitano, na yote ya Agosti. Wale watoto wamekulia kisiwani mwezi mmoja mmoja. Sina ubaya nao, mwanangu, pengine wanakipenda kweli. Lakini nilisimama pale na kompresa inanguruma nje, nikawaza: ni nani basi anayekijua kisiwa hiki Novemba?

Wanaokijua wapo, ila wanapungua. Nyumba ya kawaida tu pale inauzwa kwa zaidi ya dola milioni 3. Fundi wa umeme hawezi, mwalimu hawezi, hata mtoto wa mvuvi aliyezaliwa palepale hawezi. Kila asubuhi meli ya kutoka bara inateremsha mafundi na ndoo zao za vifaa, na kila jioni inawarudisha. Wanajenga nyumba kisiwa ambacho hawawezi kulala. Nami nilikuwa mmoja wao, nimekaa kwenye benchi la meli na mikono inanuka shaba, na simu yenye ujumbe wako mfukoni.

Siku ya tano upepo wa kaskazini mashariki ulivuma, meli zikasimama, tukakwama. Bosi akalala kutwa. Mimi nikatembea. Sikuwahi kukiona kisiwa kile nikiwa sina kazi mkononi, na wallahi ni kizuri. Nyika yake ilikuwa imegeuka nyekundu, rangi ya hina iliyokolea. Mbele kidogo kuna mashamba ya kranberi, kitunda kidogo kichachu kuliko ukwaju. Wakivuna huyafurika mashamba maji, na kwa kuwa tunda lina hewa ndani linaelea, basi shamba zima linakuwa ziwa jekundu. Hapakuwa na mtalii wa kupiga picha. Njiani kila aliyenipita alinisalimia, jambo ambalo kwa miaka yangu tisa huku Marekani nalihesabu kwa vidole.

Kwenye ghuba nilimkuta bibi mmoja mtu mzima, kavaa mabuti ya mpira mpaka mapajani, yumo majini na reki na kikapu kinachoelea. Anaokota kombe. Kuanzia tarehe 1 Oktoba wakaazi wenye kibali wanaruhusiwa kuvuna kwa ajili ya mboga ya nyumbani, wavuvi wa biashara hungoja mpaka Novemba. Akanipasulia moja kwa kisu kifupi: akatupa yote yaliyomo, akabakisha mnofu mmoja mweupe tu, akaniwekea kiganjani. Mbichi, tamu kama dafu. Nikamwambia kwetu wanawake huenda pwani maji yakipwa, huokota chaza na kombe, na wengine wana mashamba yao ya mwani. Akaniuliza, bado wanafika ufukweni bila kuzuiwa? Nilishindwa kumjibu haraka, kwa sababu nilikuwa nakumbuka ile njia ya kando ya kisima na ukuta wa hoteli ulivyoisogelea.

Jioni nilikwenda mtaa wa York, kwenye jengo dogo ambalo watu weusi wa kisiwa kile walilijenga miaka ya 1820, likawa kanisa lao na skuli yao. Lilikuwa limefungwa. Nilisimama nje. Kulikuwa na nahodha wa kwao, Absalom Boston. Mwaka 1822 alitoka kuwinda nyangumi na jahazi ambalo mabaharia wake wote walikuwa weusi, wakati utumwa ungali halali nusu ya nchi hii. Aliporudi alinunua ardhi na nyumba. Na mwaka 1845, binti yake alipokataliwa skuli ya mji, alikwenda mahakamani, na haukupita muda mrefu skuli zikafunguliwa kwa watoto wote. Nilikufikiria wewe sana pale. Angekuwa mpita njia wa Agosti asingeshtaki. Alishtaki kwa sababu alikuwa na kwake.

Sasa turudi kwenye shamba letu la Jambiani. Ami zako wanasema hawauzi ardhi, wanauza minazi tu. Kwa sheria ni kweli, ardhi ya Zanzibar ni ya Serikali, na watu huuziana miti. Lakini wewe na mimi tunajua mnunuzi hahitaji nazi. Akishika ile karatasi, ataleta matofali. Sisemi wageni wasije. Ndugu zako wengi wanakula kwa sababu ya wageni. Lakini uliwaona Aprili iliyopita, mvua za masika zilipoanza na hoteli zikafunga, vijana wakaambiwa wakae nyumbani mpaka Juni. Waliokuwa na kishamba, na ngalawa, na mama mwenye kamba za mwani, walikula. Wasio nacho walikwenda kukopa. Shamba lile ndilo linalotushika miezi ambayo hakuna anayetuhitaji.

Najua wana shida. Ami yako mkubwa ana deni, na goti lake linahitaji matibabu. Nitatuma fedha ya matibabu kabla ya mwisho wa mwezi, wala si kwa kumpa sharti, ni ndugu yangu. Mwambie hivyo hivyo nilivyosema. Lakini karatasi asitie saini yeye wala wewe, hata wakikwambia jina lako linahitajika kama shahidi tu. Waambie baba anakuja. Nitakuja Mei, na masika yenyewe. Tiketi huwa rahisi, nitakuta njia zina tope na watu wapo majumbani, tutakaa barazani tuzungumze bila haraka ya mtu.

Kabla ya hapo nina kazi ya kukupa. Ijumaa ukitoka mjini pita shambani, chukua daftari, hesabu minazi mmoja mmoja. Babu yako alituachia 43. Andika unaozaa, uliokufa, uliopandwa juzi, na mipaka inaanzia mti gani. Ukifika kwenye ule wa karibu na kisima, chini upande wa bahari, kuna chale nilizokata kwa panga kila nilipokupima, tangu ulipoanza kusimama mpaka nilipoondoka. Nipigie picha. Nataka kuona kama bado zinasomeka.

Wasalaam,
Baba yako