Barua kwa ndugu yangu wa Katuba: ni nani asiyeguswa?

Kadutu, Bukavu
Jumapili usiku

Ndugu yangu mpendwa katika Bwana,

Salamu nyingi kwako, kwa mama watoto na kwa watoto wote. Sisi tuko, Mungu anatuchunga. Nimesikiliza ujumbe wako wa sauti mara tatu, lakini jibu lake siwezi kulisema kwenye simu. Ninakuandikia kwa kalamu. Binti yangu atapiga picha karatasi hizi kesho akutumie, mtandao ukikubali.

Umeniambia kwamba vijana wa kanisa lenu huko Katuba, Lubumbashi, wakiuliza habari za fedha, au habari za yule kiongozi anayesemwa kwa mambo ya wasichana wa kwaya, wanajibiwa neno moja tu: "Usimguse mpakwa mafuta wa Bwana." Unataka kujua uwaambie nini. Ndugu, swali lako limenikuta na kidonda kibichi, kwa hiyo nianzie kwenye kidonda.

Mwezi uliopita kamati yetu ilikaa baada ya ibada. Unajua hali yetu: tangu mabenki yafunge milango mwaka 2025, sadaka ya kanisa inalala nyumbani kwa mtu, na anayelala karibu na sanduku hilo usingizi wake ni wa kuazima. Kwetu ni mama mweka hazina. Siku ile alikuja na kaye yake ya hesabu, ile yenye jalada la bluu: dola upande huu, franka upande ule, kila Jumapili na tarehe yake. Akafungua alipokuwa amekunja kona ya ukurasa, akaweka kidole, akasema polepole: "Mchungaji, fedha za mabati zilitoka tarehe hii. Mabati sijayaona. Mimi naomba tu kujua niandike nini."

Hakumshitaki mtu. Aliomba neno la kuandika.

Mchungaji akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, Biblia inasema usimguse mpakwa mafuta." Akasimama, akafunga kikao kwa sala. Wote tukaitika Amina. Na mimi, mzee wa kanisa mwenye miaka yangu yote hii, niliitika Amina. Nilipofumbua macho nikaona mama ameifunga kaye yake, kidole kingali ndani.

Amina ile ilininyima usingizi. Nikawasha tochi ya simu, nikachukua Biblia yangu ya Union ya chuoni, ile uliyoishona mgongo kwa uzi wa viatu (bado inashika). Zaburi 105, mstari wa 15: "Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu." Nikaurudia taratibu. Msi-wa-guse. Ndugu, tumekuwa tukihubiriwa "usi-m-guse", kana kwamba ni mtu mmoja amesimama nyuma ya mimbari. Biblia haikusema hivyo. Ni wengi. Kwa Kifaransa pia ni wengi, na kwa Kiebrania vilevile, "masihi zangu". Silabi mbili tumezibadilisha midomoni, na mstari mzima umepata mwenyewe mwingine.

Basi hao wengi ni akina nani? Nikapanda juu kidogo tu, mstari wa 9 na wa 10: Ibrahimu, Isaka, Yakobo. Mstari wa 12 na 13 unasema walikuwa watu wachache, wa kuhesabika, wageni katika nchi, wakitangatanga toka taifa hata taifa. Halafu Mungu akawakemea wafalme kwa ajili yao. Kwa hiyo wanaoambiwa "msiguse" ni wafalme! Ni wenye majumba na askari. Na wanaolindwa ni watu wasio na shamba, wasio na mlinzi, waliobeba vyombo vyao kichwani.

Nilisoma kwa sauti, na mke wangu alikuwa macho. Akasema, "Basi hao ni kama wageni wetu." Pale uani kwetu kuna familia iliyokimbia toka Kalehe, watu saba katika chumba kimoja, usiku huo mtoto wao mdogo alikuwa anakohoa. Tulimsikiliza anakohoa, na mimi sikuwa na la kuongeza.

Lakini nikaendelea kutafuta, maana neno "kugusa" lilikuwa linanisumbua. Mungu alimwambia nani lini asiguse? Fungua Mwanzo 20. Abimeleki mfalme wa Gerari alimchukua Sara akamtia nyumbani mwake. Mungu akamjia usiku katika ndoto, akamwambia, "Sikukuacha umguse." Na katika mlango huohuo Ibrahimu anaitwa nabii. Kisha Mwanzo 26, mfalme wa Wafilisti anatoa amri kwamba mtu yeyote atakayemgusa Isaka au mkewe atakufa. Ndicho kisa ambacho Zaburi inakikumbuka. Yaani, ndugu yangu, mwili wa kwanza ambao Mungu aliuzungushia agizo hilo ni mwili wa mwanamke, mke wa mgeni, ndani ya nyumba ya mtu mkubwa ambamo hakuna aliyeweza kumtetea.

Hebu liweke neno hilo hapa Bukavu. Hospitali ya Panzi imefanya kazi tangu 1999, na daktari aliyeianzisha, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste wa mji huu, alipewa Nobel ya Amani mwaka 2018 kwa sababu ya wanawake waliofika pale wakiwa wameumizwa. Katika mji wenye historia hiyo, mtu anathubutu kuchukua mstari uliomlinda Sara, akamfunika nao kiongozi aliyemgusa msichana wa kwaya! Hili ndilo la kuwaambia vijana wako. Na wale wasichana, usingoje kamati. Nenda na mke wako, wakae na mama zao, wasikilizwe leo. Kama kuna kosa la sheria, liende kwenye sheria. Kanisa halina mamlaka ya kusamehe kwa niaba ya mtoto.

Najua watakaposhindwa na Zaburi watakimbilia kwa Daudi na Sauli. Waache wakimbilie, kisha msome 1 Samweli 24 yote. Kweli, Daudi hakumwua Sauli. Ila alikata upindo wa vazi lake, akatoka pangoni, akamwita kwa sauti mfalme aliyekuja na watu elfu tatu, akiwa ameshika kile kipande mkononi kama ushahidi, akamwambia kwamba Bwana ndiye aamue kati yao. Nilipofika hapo nilimwona yule mama na kaye yake. Daudi alikataa kumwaga damu, hakukataa kuuliza. Na yeye mwenyewe alipokuwa mfalme, mpakwa mafuta kamili, Nathani alimwambia usoni, "Wewe ndiwe mtu huyo." Paulo pia alishindana na Petro uso kwa uso kule Antiokia, na Petro hakumtolea mstari.

Tena Yohana anawaandikia waamini wote, mama sokoni na mtoto wa shule, "Nanyi mmepakwa mafuta." Ukurasa ni 1 Yohana 2. Mama mweka hazina naye amepakwa. Tulimgusa sisi, siku ile, kwa Amina yetu.

Najiuliza tumefikaje hapa. Mimi na wewe tulikulia chini ya MPR, chama kimoja cha Mobutu. Asubuhi shuleni tuliimba na kucheza kumsifu kiongozi, na mtoto alijifunza mapema kwamba mkubwa haulizwi. Kisha Aprili 1990 chama kimoja kikaisha, makanisa mapya yakachipuka kila avenyu, na mengi yalileta moto wa kweli wa maombi, siwezi kukana, ndimo wokovu wangu ulimotokea. Lakini kile kiti cha mkubwa asiyeulizwa nadhani tulikibeba kutoka uwanjani tukakiweka madhabahuni, tukakitandika kitambaa cheupe. Na makanisa yetu ya zamani, yenye katiba na mihuri, hayakubaki nyuma. Diotrefe wa 3 Yohana, apendaye kuwa wa kwanza, hana dhehebu.

Mji huu umeona pia kiongozi wa namna nyingine. Mimi si Mkatoliki, lakini nikipita Nyawera huwa namkumbuka Askofu Mkuu Munzihirwa, aliyeuawa tarehe 29 Oktoba 1996. Wengi walikuwa wamekimbia. Yeye alibaki na watu, akapaza sauti kwa ajili ya wakimbizi na wenyeji. Yule alikuwa na mafuta kichwani na hakujificha nyuma yake.

Sasa nikueleze nilichofanya, maana kukuandikia tu mistari ni rahisi. Kwanza nilikwenda kwa mama mweka hazina, nikamwomba msamaha. Alinipa chai, akaniuliza kama nimekuja peke yangu au nimetumwa. Nikamwambia peke yangu. Akasema, "Basi nimesikia." Hakuongeza neno.

Kisha nilikwenda kwa mchungaji, jioni, bila mwenzangu, jinsi Mathayo 18 inavyoagiza. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilimkuta ameketi na mtoto wake wa mwisho mapajani, mguu una bandeji hadi juu ya goti. Ndugu, fedha za mabati zilikwenda hospitali. Mtoto alivunjika mguu, akakaa wodini majuma mawili, na sisi hatukujua, kwa sababu mchungaji hakumwambia mtu. Nilimuuliza kwa nini. Akasema: "Nimehubiri miaka kumi kwamba kwa kupigwa kwake tumepona, na anayekwenda hospitali imani yake ni ndogo. Ningewaambiaje?"

Nilikaa kimya muda mrefu. Nilikuwa nimekuja kumshitaki kwa mstari mmoja uliokatwa vibaya, nikamkuta yeye mwenyewe amefungwa na mwingine. Nilimfungulia 2 Timotheo 4:20, kimstari ambacho hakuna anayekihubiri: "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Paulo, ambaye leso zake ziliponya watu, alimwacha mwenzake mgonjwa njiani na akaliandika jambo hilo bila aibu. Mchungaji alikisoma, akakisoma tena, akashika mguu wa mtoto wake.

Hapo niseme jambo ambalo vijana wako huenda hawalioni. Posho ya mchungaji wetu ilikuwa haijatoka tangu miezi minne. Sisi wazee tulijua na tulinyamaza, tukisema Mungu atatoa. Malaki 3 tunamsomea muumini apate kuleta fungu la kumi ghalani, lakini Nehemia 13 hatuisomi, pale Walawi walipokosa fungu lao wakakimbilia kila mtu shambani kwake, na Nehemia akawagombeza wakuu. Wala hatusomi Kumbukumbu 14, ambapo fungu la kumi la mwaka wa tatu ni la Mlawi, mgeni, yatima na mjane, wapate kula na kushiba. Kuchukua bila kusema ni kosa, na nilimwambia hivyo. Kumwacha mtu afike hapo ni kosa pia, na hilo ni letu.

Kwa hiyo usiwape vijana mawe. Waambie wafuate 1 Timotheo 5: shitaka dhidi ya mzee lipokelewe kwa mashahidi wawili au watatu, si kwa uvumi wa simu, nalo likithibitika, akemewe mbele ya wote. Mistari hiyo miwili, wa 19 na wa 20, imeandikwa pamoja na isitenganishwe. Mabati na wasichana vilevile si jambo la uzito mmoja. Usikubali mtu akuchanganyie hayo mawili katika kikao kimoja. Na muwe na usiku mmoja kwa juma wa kusoma mlango mzima, kila mtu na Biblia yake, Kiswahili, Kifaransa, Kibemba, yoyote. Sisi tumeanza Alhamisi. Tuko kumi na mmoja, na mama wa Kalehe ndiye anayesoma vizuri kuliko wote.

Mchungaji amekubali kusema mwenyewe mbele ya kamati Jumamosi hii. Ameniruhusu nikuandikie, mradi nisitaje jina. Sijui wengine watampokeaje. Wapo wawili wanaotaka aondoke, na mmoja anayetaka yote yafunikwe. Tuombee.

Leo baada ya ibada mama mweka hazina alinijia mlangoni, kaye kwapani, akaniuliza, "Sasa niandike?" Nikamwomba asubiri Jumamosi, aandike maneno ya mchungaji mwenyewe. Akaniwekea mbele ule ukurasa nione: ameacha mstari mmoja mtupu, kisha ameendelea na sadaka za Jumapili zilizofuata.

Mvua imeanza kunyesha sasa hivi, nasikia maji yanashuka kwenye mfereji. Nisalimie kanisa la Katuba, na uniambie vijana wameuliza nini mkishasoma Mwanzo 20.

Ni mimi ndugu yako,
mzee wa Kadutu