Msimbebeshe Nodar lawama za kifo chake

Ndugu Mhariri,

Nimesoma ile makala yenu ya michezo ya majira ya baridi, pale mlipogusia luji, ule mchezo wa mtu kulala chali kwenye sleji, miguu mbele, akashuka njia ya barafu bila breki. Mmeandika eti Nodar Kumaritashvili wa Georgia alikufa kule Whistler, Kanada, kwenye Olimpiki ya mwaka 2010 sababu nchi yake ndogo na hakuwa na uzoefu. Hapo nakataa kabisa, naomba mnipe nafasi.

Huyo kijana wa miaka 21 hakuokotwa njiani akapandishwa sleji, alifuzu kupitia Kombe la Dunia kama wenzake. Alafu siku ileile, tarehe 12 Februari, kwenye mazoezi ya njia ileile, Armin Zöggeler wa Italia naye alianguka, na Zöggeler wakati huo alishabeba dhahabu ya Olimpiki mara mbili, sasa naye tuseme hakuwa na uzoefu? Njia yenyewe ilikuwa na mwendo mkali kuliko walivyopiga hesabu walioichora, kabla ya Olimpiki watu walishavuka kilomita 150 kwa saa pale. Nodar alipofika kona ya mwisho alikuwa kwenye zaidi ya kilomita 140, akarushwa nje akagonga nguzo ya chuma ambayo haikufungwa hata godoro. Shirikisho la kimataifa la luji, FIL, likatoka na maelezo kwamba alichelewa kutoka kona ya 15, ile ya kabla ya mwisho, akashindwa kujirekebisha, njia haina kasoro. Haya, kama haina kasoro mbona waliinua ukuta harakaharaka, wakachonga barafu upya, na wanaume wakashushwa waanzie mahali pa wanawake?

Na kuna hili ambalo hamkuligusa. Wenyeji Kanada waliwapa watu wao muda mwingi sana wa mazoezi kwenye njia ile, wageni wakabaniwa, sababu walitaka medali. Kwenye luji kuijua njia ndo kila kitu, maana unaongoza sleji kwa kuibana na vigimbi na kukandamiza bega kidogo tu, na kona unatakiwa uanze kuichukua kabla hujaiona vizuri, kwa hiyo anayepita mara nyingi mwili unakumbuka wenyewe na anayepita mara chache anabahatisha. Na pamoja na hayo yote, medali ya luji Kanada hawakupata hata moja mwaka huo.

Mnasema ni mchezo wa matajiri. Sawa, lakini semeni umefikaje huko. Mwaka 1883 watu 21 walishindana kushuka kilomita 4 kutoka Davos kwenda Klosters, Uswisi, na walioshinda kwa kufungana ni mwanafunzi mmoja wa Australia na Peter Minsch, mbeba barua wa Klosters, dakika 9 na sekunde 15. Mbeba barua! Njia yenyewe ilikuwa barabara tu ya mlimani yenye theluji. Luji ikaingia Olimpiki mwaka 1964 Innsbruck, na hapo pia ikaanza na msiba, Kazimierz Kay-Skrzypecki wa Uingereza alikufa mazoezini kabla hata michezo haijafunguliwa. Kisha 1969 Wajerumani wakajenga Königssee, njia ya kwanza ya kugandishwa kwa mitambo, na kwa maoni yangu hapo ndo mlango ulipofungwa kwa watu wa kawaida, maana tangu hapo mlima na theluji havitoshi, lazima zege, mabomba ya ubaridi na bili ya umeme. Leo njia hizi duniani hazifiki 20, Ujerumani peke yake walijijengea nne, alafu tunashangaa walivyobeba dhahabu zote nne Sochi 2014 na zote nne tena Beijing 2022. Sibezi kipaji chao, Natalie Geisenberger ana dhahabu sita na amezitolea jasho. Mwaka 1998 kule Nagano, Wajerumani wawili walishuka mara nne kila mmoja na mwisho tofauti ikawa sekunde 0.002. Kwenye mchezo wa vipimo hivyo, anayelala jirani na njia na anayeomba ruhusa ya kuingia hawawezi kuwa sawa. Hata Italia kwa ajili ya Olimpiki ya 2026 wamejenga njia mpya Cortina kwa zaidi ya euro milioni 100.

Georgia hawakuacha. Beijing 2022 alishuka Saba Kumaritashvili, wa ukoo uleule. Kwa hiyo Mhariri mkiandika tena habari za Whistler, andikeni nani aliidhinisha njia yenye mwendo ule, nani aliacha nguzo wazi, na wageni walipewa nafasi ngapi za kuijaribu kabla ya siku ile.

Msomaji wenu,
Arusha