Risala ya Wapiga Picha za Mandhari Waliojifunza Wenyewe kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa kikundi, wanachama wenzetu, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kukubali kutufungulia maonyesho haya. Picha hizi ni za watu ambao hawajawahi kukaa darasani kufundishwa kamera, hivyo turuhusu tukueleze zinavyopatikana.

Mheshimiwa, anayejifunza peke yake husahihishwa na faili zake. Kila faili huhifadhi ukubwa wa tundu la lenzi, kasi ya shata (pazia linalopitisha mwanga) na ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga). Mpigaji husimama pale pale, akabadilisha kipimo kimoja, kisha akalinganisha. Akibadilisha viwili kwa mpigo, hatajua kipi kimeharibu.

Kazi huanza na tripodi, ISO 100 na tundu la f/8 au f/11; namba ya f ikikua, tundu hupungua. Wengi hukimbilia f/22 wakidhani kila kitu kitatoka wazi. Kumbe tundu likiwa dogo mno, mwanga hutawanyika kwenye kingo zake na picha nzima hupoteza ukali. Kwa lenzi ya milimita 24 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye sensa ya ukubwa wa filamu ya milimita 35), tundu likiwa f/11, fokasi huwekwa karibu mita 1.8. Hapo vitu vya kuanzia takribani sentimita 90 hadi milima ya mbali huonekana vizuri. Ukifokasi mlima wenyewe, mawe yaliyo mita moja mbele yako hufifia. Shata huachiwa kwa taima ya sekunde 2, maana kidole nacho hutikisa kamera. Penye upepo, nguzo ya katikati ya tripodi isiinuliwe.

Alfajiri na machweo ndipo mwanga unapopendeza, na ndipo skrini ya kamera inapodanganya: gizani hung'aa, mpigaji akaridhika na picha iliyo nyeusi. Tunaamini histogramu, yaani grafu ya mwanga wa picha, kuanzia giza upande wa kushoto hadi weupe upande wa kulia. Ikirundikana ukingo wa kulia, mawingu yameungua, yaani yamekuwa meupe matupu, na hayarudi. Vivuli huweza kuinuliwa baadaye, mradi faili ni ghafi (RAW), yaani kamera haijaichakata. Filta ya polaraiza, inayopunguza mng'ao na kukoza anga, nayo tunaipenda, ila kwenye lenzi inayoona eneo pana huacha anga lenye mabaka.

Mheshimiwa, ombi letu ni moja: kifaa cha kusawazisha skrini ya kompyuta. Skrini yetu ina mwanga mkali kupita kiasi, hivyo picha inayovutia pale hutoka na giza ikichapishwa, na karatasi na wino vimeshakwenda.

Tunaomba kuwasilisha.